Kuku Sikumweka kwenye Hesabu

Ndege yangu kutoka Mwanza ilitua Dar saa 4:10 asubuhi. Ya kwenda Mtwara inaondoka saa 7:30 mchana. Katikati hapo kuna saa 3 na dakika 20, muda ambao mtu mwenye akili zake hutafuta kiti karibu na soketi, akachaji simu, akasinzia mdomo wazi mbele za watu. Mimi akili hiyo nilikuwa nayo kwa dakika kama 10 hivi za mwanzo.

Ilikuwa Desemba 2019. Shemeji yangu anaoa kesho yake Mtwara. Mke wangu na watoto walishatangulia wiki nzima kabla kwa basi, mimi nikabanwa na kazi, ikabidi nijitutumue kukata tiketi ya ndege. Nilikuwa na begi la mkononi tu: suti, viatu, na kilo 3 za dagaa wa Mwanza za mama mkwe. Najua, Mtwara kuna bahari. Lakini ni mama mkwe mwenyewe aliyeagiza, anadai samaki wa baharini kawachoka, na mimi si mtu wa kubishana na mama mkwe siku mbili kabla ya harusi.

Nikaenda kuulizia chai na sambusa pale Jengo la Pili la abiria. Bei niliyotajiwa, mtaani unakula wali kuku na soda juu, na chenji inabaki ya nauli. Nikamwambia dada asante, ngoja kwanza. Nikarudi kukaa. Njaa nayo ikakaa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kumpigia shangazi yangu simu. Nia ilikuwa kumsalimia tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi? Mbona nasikia ving'ora?"

"Nipo uwanja wa ndege Dar, napita tu, naelekea Mtwara."

Kimya. Nikadhani salio limeisha.

"Unapita," akasema. "Mtoto wa kaka yangu wa tumbo moja anapita Dar kama msoma mita. Haya baba, pita. Hata siku nikifa usijisumbue, utakuwa unapita."

Shangazi anakaa Kitunda. Kwa maelezo yake Kitunda ni "hapo tu, nyuma ya uwanja," na ushahidi anao: ndege zinapita juu ya bati lake, anaziona mpaka matairi. Sasa wanaoijua Dar wanajua kwamba "hapo tu" haipimwi kwa kilomita. Mtu atakwambia Chanika, pembezoni kabisa mwa jiji, ni hapo tu. Lakini nilikuwa na njaa, na nimeshaambiwa habari za msiba wake, nikatoa kalamu nikapiga hesabu nyuma ya kipande cha tiketi ya Mwanza.

Dirisha la abiria linafungwa dakika 40 kabla ya ndege kuondoka, yaani saa 6:50. Kwenda nusu saa, kurudi nusu saa, foleni ya magari ya njia panda ya Banana niiwekee dakika 15 za heshima. Nikitoka saa 4:35, nabaki na saa nzima kamili ya kukaa na shangazi. Nikaihakiki mara mbili, ikakubali. Mpaka leo nasema ile hesabu ilikuwa sahihi.

Nikampigia mke wangu, maana ndoa ni kushirikishana.

"Nafikiria nimpitie shangazi mara moja."

"Usitoke hapo."

"Ni hapo tu Kitunda."

"Baba watoto, usitoke uwanjani. Unataka kutoka au umeshatoka?"

"Nataka."

"Mbona nasikia bajaji?"

Dereva wa bajaji alikuwa kijana mchangamfu, ananiita bosi kila baada ya maneno matatu. Tulikubaliana shilingi 5,000 na dakika 20. Shilingi 5,000 zilikuwa za kweli. Pale Banana tulikaa tukaangalia ubavu wa daladala moja mpaka nikayakariri maandishi yake yote, pamoja na namba ya fundi rangi. Tukakata kushoto, lami ikatuaga, tukaanza kuchagua mashimo. Saa 5:10 nikawa mlangoni kwa shangazi. Dakika 5 tu nje ya bajeti. Nikajisikia mtu wa mipango.

Shangazi alinipokea kwa vigelegele, akanishika mashavu, akasema nimekonda, akaniuliza kama mke wangu anapika siku hizi. Akanikalisha kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Nikamweleza: shangazi, nina saa moja tu, nipe chochote kilichopo, hata kiporo.

"Kiporo?" Akasimama. "Ule kiporo wewe, jina la baba yangu?"

Akatoka uani. Nikasikia anamwita binamu yangu. Halafu nikasikia miguu inakimbia, sufuria linaanguka, na mtu anasema, "Mzibie huko, mzibie kwenye banda!"

Nikachungulia dirishani. Chakula changu kilikuwa kinakimbia.

Alikuwa jogoo mwekundu, mrefu, shingo tupu, ana mwendo wa askari mstaafu. Saa 5:20 alikuwa juu ya tangi la maji. Saa 5:25 alikuwa kwa jirani, na jirani anadai yule ni wake. Mimi nimesimama dirishani nimeshika kipande changu cha tiketi, nikasoma mahesabu: kwenda, kurudi, foleni. Kuku sikumweka.

Na kuku wa kienyeji haendi na haraka zako. Huyo anachemshwa kwanza, tena jogoo wa umri ule, na shangazi ana jiko la mkaa moja, gesi "inaharibu ladha". Nilimwambia kwa adabu zote kwamba muda unakwenda. Akanijibu, akiwa anapepea mkaa kwa mfuniko wa ndoo, kwamba ndege haiwezi kumwacha mtu aliyelipa. Alisema kwa uhakika ule wa mtu ambaye amezitazama ndege kwa chini miaka 20. Akauliza nimemletea nini kutoka Mwanza. Nikatoa dagaa wa mama mkwe. Kilo 3 zikawa moja na nusu mbele ya macho yangu, zikapimwa kwa bakuli.

Wali nazi ulifika saa 6:15. Kuku akafuata na mchuzi wake, na sitadanganya: nilikula. Nilikula nikiwa nimeangalia saa, lakini nilikula. Paja lilikuwa gumu, nikilivuta nalo linanivuta. Saa 6:30 nikasimama, mikono haijakauka, nikaaga. Hapo shangazi akaingia ndani, akatoka na hotipoti kubwa lenye maua mekundu, amelifunga na kanga.

"Nusu iliyobaki. Mpelekee mama mkwe wako, ajue umetoka kwa watu."

Saa hiyo hiyo mvua ikashuka. Mvua za vuli mwaka ule hazikuwa na utani. Bajaji niliyoipata safari hii ilikuwa na turubai upande mmoja tu, upande wa dereva. Tulinasa kwenye tope mara moja, nikashuka nikasukuma kwa mkono mmoja, mkono mwingine umekumbatia hotipoti kama mtoto mchanga. Suruali ikawa na rangi mbili.

"Wahi, kaka, uwanja wa ndege!" nikamwambia.

"Usijali, bosi. Pale pajipya, siyo?"

Nikaitika. Sikufikiri. Mtu akikuuliza pajipya huku unaoshwa na mvua, unaitika.

Pajipya ni Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti mwaka ule ule, la kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Ni zuri. Linang'aa sakafu mpaka nikajiona, na nilichokiona sikukipenda. Saa 6:47 nikaweka begi na hotipoti kwenye mashine ya ukaguzi. Mkanda ukasogea, ukasimama, ukarudi nyuma, ukasogea tena. Askari aliyekaa kwenye skrini akamwita mwenzake. Wakainama wote wawili.

"Mwenye mzigo huu nani?"

"Mimi."

"Humu ndani kuna nini?"

"Kuku, afande."

"Mbona ana miguu mitatu?"

Ikabidi nifungue kanga, nifungue mfuniko. Mvuke wa nazi na tangawizi ukapanda, foleni nzima nyuma yangu ikanyamaza. Akachungulia kwa tochi. Tukahesabu pamoja: miguu miwili, na ule wa tatu ni shingo. Akauliza mchuzi ni lita ngapi. Nikamwambia sijui, aliyepima ni shangazi. Alipomalizana na kuku ndipo akaomba tiketi. Akaisoma taratibu, akaniangalia, akaisoma tena.

"Mtwara? Ndugu yangu, ndege za ndani ni Jengo la Pili, kule ulikozoea. Hapa ni za nje ya nchi."

"Ni mbali?"

"Hapana," akasema. "Ni hapo tu."

Bajaji ilishaondoka. Nilikimbia. Wale waliokuwa barabarani mchana ule watakumbuka mwanaume mwenye suruali ya tope, begi mgongoni linanuka dagaa walioloa, anakimbia kwenye mvua na hotipoti la maua. Mchuzi ulikuwa unaniita kila hatua, chwa, chwa, chwa. Nikafika Jengo la Pili, nikapanga foleni ya ukaguzi mwingine, kuku akakaguliwa mara ya pili (hawa walimaliza haraka, mmoja akasema "shangazi huyu anajua kupika"), na saa 7:12 nikaegemea dirisha la shirika langu.

Dada alikuwa anapanga karatasi zake.

"Mtwara," nikasema. Pumzi haikutosha neno la pili.

"Tumeshafunga, kaka."

"Ndege si ipo? Naiona ile pale."

Akageuka, akaitazama na yeye. "Ndege ipo," akasema kwa upole. "Kwenye orodha wewe ndiye haupo."

Ya kesho ingefika bibi harusi ameshatolewa. Ilibaki basi la alfajiri kutoka Mbagala, zaidi ya kilomita 500 za kumalizia kwa makalio kile ambacho angani ni kama saa moja. Nikakaa kwenye kiti kile kile cha asubuhi, karibu na soketi ile ile. Nilikuwa bado natafuta sentensi ya kumwanzia mke wangu, simu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu! Ndege yako imepita hapa juu sasa hivi. Nimetoka nje na kanga naipungia, na binamu yako kapunga. Umetuona?"

Nikaangalia nje. Kweli ilishaondoka.

"Nimewaona, shangazi."

"Nilijua tu! Nikamwambia huyu, kakaa dirishani. Haya, funga mkanda, na hilo hotipoti ulishike wima."

Nikafungua mfuniko. Shingo lilikuwa bado la moto.