‘Get’ si ‘pata’ peke yake

Muhula uliopita nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili, usiku, stima ikipotea na kurudi. Msichana mmoja alikuwa ameandika kisa cha mvua iliyomkuta njiani akitoka soko la Kibuye na kikapu cha omena. Mama yake, kaandika, ‘got anger’, na yeye mwenyewe ‘got wetness’. Nikapiga mistari miwili ya kalamu nyekundu, nikaandika sahihi pembeni, nikafungua daftari lililofuata. Kesho yake akanijia mlangoni mwa ofisi ya walimu. “Mwalimu, si ulituambia ‘get’ ni kupata? Na mtu si hupata hasira?”

Nikamjibu kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo. Jibu hilo linaniuma hadi leo. Mtoto alikuwa amefikiri sawasawa. Aliyekosea ni mimi, niliyempa ‘get’ kavu, halina jirani wala ndugu, na kando yake neno moja la Kiswahili.

Sisi badiliko la hali tunalitia ndani ya kitenzi chenyewe. Mtu hukasirika, hulowa, huchoka, huzeeka, hukonda, hulewa, hupona. Neno moja na kazi imekwisha. Mwingereza kwa hayo yote hutwaa ‘get’ na kulifuatisha kivumishi: get angry, get wet, get tired, get old, get thin, get drunk, get well. Hapo ‘get’ halipati kitu chochote, linamtoa mtu katika hali moja na kumtia katika nyingine. Likifuatwa na nomino ndipo linapokaribia kupata: get a letter, get a job. Hata hapo halitulii, maana get the bus ni kupanda basi, na get the joke ni kuelewa mzaha.

Mtego uko hapa. Kiswahili nacho kina ‘pata’ ya hali, ila sisi tunaipa nomino: kupata aibu, kupata nafuu, kupata mimba, kupata kizunguzungu. Mahali pale pale Mwingereza anataka kivumishi: embarrassed, better, pregnant, dizzy. Anayeandika ‘got anger’ hakuandika kwa uvivu. Amefuata kanuni ya lugha yake, tena ameifuata vizuri.

Na hapa Kisumu kuna lugha ya tatu darasani, hata tukijifanya hatuisikii. Kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, husemwa mirima omaka, hasira imenishika. Kiswahili kinasema hivyo hivyo: ameshikwa na hasira, ameingiwa na hofu. Katika lugha zote mbili hasira ndiyo yenye mikono. Kiingereza cha ‘get’ kinamtanguliza mtu na kuigeuza hasira kuwa sifa yake. Hilo ningeweza kumweleza yule msichana kwa dakika tatu, akaondoka akijua anachovuka na anakovukia.

Sikuweza, na najua sababu. Nilipokuwa shule ya msingi tulivalishwa diski, kipande cha mbao chenye kamba shingoni, kwa kosa la kusema Dholuo, na Kiswahili pia kama si siku yake. Aliyekutwa nayo jioni alichapwa. Nilichapwa mara nyingi. Uchungu wa fimbo umeisha, lakini kwa miaka mingi nilifundisha Kiingereza kana kwamba lugha nyingine zote zimefungiwa nje ya dirisha. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi; tena inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Bado naona aibu usoni mwa watoto wanapotamka neno la nyumbani mbele ya ubao.

Ilhali huko nyumbani ndiko wanakolijua somo hili tayari. Nani alimfundisha mtoto wa Nyalenda kwamba simu hupigwa, pasi hupigwa, deki, picha, miayo, kura na magoti vyote hupigwa, na wala hakuna anayeumia? Na Mjaluo anayo goyo, kupiga: goyo simo kwa simu, goyo koko kwa kelele, goyo mbaka kwa soga, goyo chong kwa magoti. Hakuna aliyekaririshwa orodha. Maneno yalimfikia yakiwa yameshikana mikono.

Waingereza wenyewe wamelisema hili zamani. Harold Palmer, aliyefundisha Kiingereza Japani, alitoa huko Tokyo mwaka 1933 ripoti nzima ya maneno yanayoandamana. Mwanaisimu J. R. Firth mwaka 1957 akasema neno utalijua kwa wenzake linaokaa nao. Na mtihani wetu unalijua pia: karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ina kifungu chenye mapengo kumi, alama 10. Pengo haliulizi ‘get’ maana yake nini. Linauliza ni neno gani hukaa hapo.

Kwa hiyo orodha za msamiati wa neno moja moja nimeziacha, na ningeomba walimu wenzangu waziache pia. Sasa kila kitenzi kina ukurasa wake daftarini, na wenzake chini yake. Ndizi get ripe, lakini samaki wa Dunga aliyekaa juani bila barafu goes bad, na maziwa go sour. Mtu falls asleep, falls ill, falls silent. Hakuna anayesema ‘get asleep’. Tukifika mahali pagumu tunauliza kwa Kiswahili, na kwa Dholuo, bila kunong’ona.

Yule msichana ndiye aliyeona kwanza kwamba ‘go’ mara nyingi huelekea pabaya: go mad, go blind, go bald. Mimi sikuwa nimemwambia. Ukurasa wake wa ‘get’ umeshajaa, na chini ameongeza karatasi nyingine kwa gundi.