Kabla ya mabasi ya umeme, Kampala ipewe njia na mfuko wake

Kila inapotangazwa kwamba mabasi ya umeme yanakuja kuiokoa Kampala, swali langu huwa moja: yatapita wapi? Siulizi kwa kubeza. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa Kiira EV, gari dogo la umeme lililoundwa hapa hapa kwetu Uganda. Mwaka 2016 likafuata Kayoola, basi lenye paneli za sola juu ya paa, na leo Kiira Motors ina kiwanda Jinja. Nikiliona basi la Kayoola barabarani moyo wangu hufurahi. Ila basi hilo likikwama Kalerwe nyuma ya lori la mchanga, abiria wake atachelewa kazini sawasawa na yule aliye kwenye taksi kuukuu, yaani basi dogo la abiria, pembeni yake, na kesho asubuhi atapanda bodaboda.

Haya tumeshayaona. Mwaka 2012 mabasi makubwa ya mjini yalirudi Kampala, watu wakayashangilia. Kufikia mwisho wa 2013 yalikuwa yamesimama kwa sababu ya mgogoro wa kodi. Wengi wakikumbuka kisa hicho hutaja kodi tu. Mimi naona jambo jingine: mabasi yale hayakuwahi kutengewa njia yao. Yalisukumana na kila chombo kingine kwenye foleni ile ile, na basi lisiloweza kuwahi haliwezi kufanya safari za kutosha kulipa madeni yake, uwe umelisamehe kodi au hujalisamehe.

Wenzetu wa Dar es Salaam walianza na njia. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni kulikuwa na barabara ya zege ambayo ni ya mabasi peke yake, na awamu hiyo ya kwanza ilikuwa na kilomita 21. Mwaka 2018 jiji lile likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Baadaye abiria wakaanza kurundikana vituoni kwa uhaba wa mabasi, maana kujenga njia ni jambo moja na kumpata mwendeshaji mwenye mkataba unaobana ni jambo jingine. Kampala tumekuwa na mapendekezo ya mradi kama huo tangu miaka ya mwanzoni ya 2010, na mpaka leo hakuna basi lenye njia yake.

Ukitaka kujua moshi wetu unatoka wapi, nenda Old Taxi Park, stendi ya taksi katikati ya jiji, mchana, saa ambazo abiria ni wachache. Taksi ya viti kumi na vinne imekaliwa na watu sita. Injini inaunguruma ili kila anayepita adhani gari linaondoka sasa hivi. Dereva anasogea hatua mbili, konda anagonga bodi na kuita Bombo, Bombo, kisha gari linarudi nyuma mahali lilipokuwa. Mafuta yanaungua na hakuna hata mtu mmoja aliyefika popote. Abiria mwenye mtoto mapajani anafungua dirisha, moshi wa taksi ya jirani unaingia.

Dereva huyo hana kosa. Ana hesabu ya tajiri ya kumaliza kabla ya giza, na akiondoka na viti vitupu, pengo hilo linatoka mfukoni mwake. Tangu 2018 sheria imekataza kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, jambo jema, lakini yaliyokwisha kuingia bado yapo, na mtu anayeishi kwa hesabu ya kila siku hana pa kuitoa fedha ya gari jipya. Hapa ndipo fedha za kupambana na mabadiliko ya tabianchi zingefanya kazi ya kweli: mikopo ya riba nafuu kwa vyama vya wenye taksi ili waungane wawe kampuni na wamiliki hisa kwenye mabasi, na jiji liwalipe kwa kilomita walizotembea badala ya viti walivyojaza. Bila hilo, siku mabasi yatakapokuja, wenye taksi watayaona kama maadui waliotumwa kuwanyang'anya mkate, na watakuwa na haki ya kulalamika.

Na wapo wanaostahili kufikiriwa kabla hata ya taksi. Sehemu kubwa ya wakazi wa Kampala wanakwenda kwa miguu: mafundi wa Katwe, wauza nguo wa Owino, wanafunzi, akina mama wa Namuwongo wanaopandisha kwenda Industrial Area. Hawatoi moshi wowote. Serikali ilitunga sera ya kuwalinda waenda kwa miguu na wapanda baiskeli mwaka 2012, na jiji likatengeneza njia ya mfano Namirembe Road na Luwum Street, ambako magari yalipunguziwa nafasi na watu wakaongezewa. Naipenda njia ile pamoja na kasoro zake. Bodaboda wameivamia na wachuuzi wametandika maturubai, lakini mwaka hadi mwaka imebaki kuwa karibu peke yake. Njia moja ya mfano haiwezi kubeba jiji zima, na mfano usiorudiwa kwingine watu huuona kuwa pambo.

Linganisha na barabara ya kulipia ya Kampala–Entebbe: kilomita 51, ikafunguliwa 2018, ikajengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Gari dogo hulipa shilingi 5,000 kuanzia 2022. Mwenye haraka ya kuwahi ndege anaifaidi, nami simnyimi. Ninachosema ni kwamba fedha ya mwenye gari ilipatikana, mkataba ukasainiwa na nchi nzima inalipa deni. Ya mtembea kwa miguu wa Bwaise, anayevuka mtaro uliofurika kila mvua kubwa inaponyesha, husubiri mfadhili, na mfadhili akija huja na orodha yake.

Kwa nini jiji lisijitafutie lenyewe? Kwa sababu tumelifunga mikono. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2005, na wananchi walishangilia, maana ilikuwa na manyanyaso mengi. Mwaka huo ikatungwa sheria mpya ya kodi ya majengo, na nyumba anayoishi mwenyewe mwenye nyumba ikasamehewa. Maana yake ni kwamba jumba la kifahari Kololo, lenye barabara ya lami mpaka getini na taa za mtaani, halichangii kodi hiyo ikiwa tajiri analala humo, ilhali chumba cha kupanga Kawempe kinatozwa kodi kupitia kwa mwenye nyumba, naye anaipandisha juu ya mpangaji. Kawempe inalipa, Kololo inasamehewa. Msamaha huo ulipaswa kuwa na kikomo cha thamani ya nyumba, na bado tunaweza kuuwekea.

Kwenye kukopa ni vivyo hivyo. Mwaka 2015 Kampala ilipimwa uwezo wake wa kukopa na ikapata daraja la A kwa kipimo cha ndani ya nchi, baada ya mamlaka ya jiji kuongeza makusanyo yake kwa kiasi kikubwa chini ya Jennifer Musisi, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wake. Ilizungumzwa kwamba jiji litauza hati fungani, yaani hati za kulikopesha jiji, wananchi na mifuko ya pensheni wazinunue kwa shilingi. Sheria ikabana: kiasi ambacho jiji linaruhusiwa kukopa ni kidogo mno, hakitoshi hata kwa barabara chache. Matokeo yake ni kwamba mikopo mikubwa hupitia Hazina, kwa dola, wakati nauli na kodi zetu ni shilingi. Shilingi ikishuka, deni linapanda bila hata jiwe moja kuongezwa.

Kuna na suala la mipaka. Sensa ya 2024 ilihesabu watu wasiofika milioni mbili Kampala na zaidi ya milioni tatu Wakiso, wilaya inayoizunguka. Asubuhi sehemu kubwa ya Wakiso inamiminika Kampala, lakini mamlaka ya jiji inakomea kwenye kibao cha mpaka. Steji inapangwa na ofisi moja, barabara inayoifikia ni ya ofisi nyingine, mtaro unaopokea maji yake ni wa ofisi ya tatu. Usafiri wa eneo zima la Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi unahitaji chombo kimoja chenye bajeti yake, kinachoweza kusema njia ya basi inaanzia hapa na inaishia pale, na kikasikika.

Umeme tunao. Karuma, megawati 600, ilizinduliwa 2024, na karibu umeme wetu wote unatoka majini. Ndiyo maana bodaboda za betri zinanipa matumaini kuliko tangazo lolote la mabasi: kijana anafika kituoni, anachomoa betri iliyokwisha, anaichomeka kwenye kabati, anatoa nyingine iliyojaa, na dakika chache baadaye yuko barabarani. Tunazo hata takwimu za hewa. Mradi wa AirQo wa Makerere umesambaza vipima hewa vya bei nafuu mitaani, vingine vikafungwa kwenye bodaboda. Mpangaji wa jiji akitaka kujua wapi watoto wanavuta moshi zaidi, aanzie hapo.

Kinachonikosesha usingizi ni majiji mapya. Tangu mwaka 2020 Arua, Gulu, Mbale, Masaka, Lira, Soroti na miji mingine imepewa hadhi ya jiji. Lira na Soroti bado watu wengi wanapanda baiskeli. Kupitia mradi wa USMID wa Benki ya Dunia miji hii ilipata barabara zenye taa na njia za miguu, na fedha zilitoka kwa kadiri kila mji ulivyotimiza masharti. Hayo ni mafanikio. Lakini baiskeli ikishatoweka, kuirudisha ni gharama kubwa, na naziona njia zikipanuliwa kana kwamba kila mkazi atanunua gari kesho.

Ardhi haisubiri. Matugga kwenye barabara ya Bombo inajengwa kila wiki, na Katiba inataka fidia ilipwe kabla ya kumtoa mtu kwenye ardhi yake, jambo la haki kabisa. Kila ghorofa linaloinuka leo kando ya barabara linaongeza bei ya njia ya basi tutakayoihitaji baadaye. Wilaya na manispaa huitisha mikutano ya bajeti kila mwaka, na wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria. Mkazi wa Nansana, Kira au Matugga akifika, aombe kuoneshwa kwenye ramani akiba ya njia ya mabasi na ya waenda kwa miguu ilipo, na shilingi ngapi zimetengwa kuilinda mwaka huu.