"Jamii itamwangalia": jamii ndiyo nani?

Mzazi akishafika umri ambao kuinuka kitini tu ni kazi, watoto walioko mjini hugawanyika. Wapo wanaotaka aletwe mjini awe karibu na hospitali, na wapo wanaosema aachwe kijijini kwake kwani "jamii ipo, itamwangalia". Nimekaa kwenye vikao vya namna hii zaidi ya mara moja. Mzee mwenyewe huulizwa mwisho, maamuzi yakiwa yameshaiva, na kuna mtu mwingine ambaye hatajwi kabisa: atakayeamka usiku.

Wanaotaka abaki wana hoja nzito. Kijijini mzee ana shughuli. Anafungulia kuku, anapalilia kipande kidogo, anatembea hadi kwa mwenzake kuongea na kurudi. Ukimtazama kwa macho ya mjini utamhurumia, lakini mizunguko hiyo ndiyo inayomweka kwenye miguu yake. Misuli ya mzee huyeyuka haraka isipotumika. Siku 10 za kulala kitandani tu zinaweza kumpotezea mzee mwenye afya njema karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mjini atapewa kochi na rimoti, tena kwa mapenzi kabisa. Nani atamlaumu mkwe anayesema, "Pumzika mama, umeshafanya kazi ya kutosha"?

Anayeanza kusahau ana sababu ya ziada ya kubaki. Nyumbani kwake anaijua njia ya chooni gizani kwa kuwa ameipita miaka 40. Mkono unajua komeo liko wapi hata kichwa kikisahau leo ni siku gani. Mhamishie nyumba mpya, na wiki ya kwanza atasimama katikati ya chumba akiuliza mlango uko upande gani. Watoto husema hali imembadilika ghafla, kumbe walichobadilisha wao ni nyumba.

Hata hapo kijijini, msaada unaweza kuzidi. Namjua mzee mmoja ambaye kijana wa jirani alikuwa akija kumpasulia kuni zote kila Jumamosi. Baada ya muda mzee akaanza kuficha magogo mawili matatu nyuma ya nyumba, ayapasue mwenyewe taratibu kijana akishaondoka. Kijana alipogundua aliudhika. Mimi nilimwelewa mzee.

Hata hivyo, wanaotaka aletwe mjini nao wasionekane watu waliosahau kwao. Wengi wao wameshapigiwa ile simu ya alfajiri. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, 28 hadi 35 huanguka kila mwaka, na kadiri umri unavyosogea ndivyo idadi inavyopanda. Mzee akiamka usiku na kusimama ghafla, presha inaweza kushuka na kizunguzungu kikamwangusha kabla hajashika ukuta. Choo kiko nje, mvua imenyesha, nyonga imevunjika, na gari halipiti mpaka barabara ikauke. Kuna mambo madogo pia. Mwili wa mzee hausikii kiu kama zamani, na kama maji ni ya kuchotwa mbali, atakunywa kidogo ili yasiishe.

Sasa turudi kwenye hiyo jamii. Ukiifuatilia mpaka mwisho, mara nyingi unakuta ni mtu mmoja, na mara nyingi ni mwanamke. Kila asubuhi akitoka nje hutupia jicho dirisha la nyumba ya pili. Likiwa wazi, anaendelea na kazi zake. Likiwa bado limefungwa na jua limepanda, anavuka. Hakuna aliyempangia kazi hiyo, wala hakuna anayemlipa. Naye mwenyewe pengine yuko karibu na miaka 60, magoti yanamuuma. Ifikapo mwaka 2030, mtu 1 kati ya kila 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, na pale ambapo vijana wameondoka kijijini, uwiano huo ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo tunaposema jamii itamwangalia, tunamwachia mzee amwangalie mzee mwenzake.

Je, alipwe? Wapo wanaokataa, wakisema pesa huua ujirani: ukimlipa leo umemfanya kibarua, na siku ukichelewesha haji. Nakubaliana nao nusu. Lile dirisha halina bei, na ukiliwekea bei utaliharibu. Lakini maji, kuni na kufua mashuka ni kazi nzito, na kazi nzito itafutiwe kijana wa kulipwa, ili jirani abaki na yale anayoyaweza: kuingia, kukaa, kuongea, kuona kama dawa zimemezwa. Na nauli ya dharura iwe mkononi mwake tangu mapema, isisubiri mtoto apokee simu kwanza ndipo atume. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kama ni mimi kupiga kura, mzee abaki kwake maadamu anataka kubaki, na kipimo changu cha lini ahamishwe hakitoki kwa mtoto mwenye kipato kikubwa. Jirani akisema sasa imemshinda, mjadala umekwisha.

Kikao cha mwisho nilichohudhuria niliuliza nani ana namba ya jirani. Simu tano zikatoka mifukoni, majina yakapekuliwa, kisha zikarudi moja moja. Ikabidi tumpigie mzee mwenyewe atutajie.