Mwalimu wa msingi na digrii: usiishie kwenye ada

Mwalimu wa msingi mwenye cheti cha Daraja la IIIA (Daraja A), aliyeko Kibondo mkoani Kigoma au Urambo mkoani Tabora, akitaka kujiendeleza, swali lake la kwanza huwa ada ni shilingi ngapi. Kwa maoni yangu aanze na hili: ni digrii gani hiyo? Shahada ya Sanaa na Ualimu, iliyojaa vyuoni, inamwandaa mtu kufundisha masomo mawili ya sekondari. Anayependa kubaki na watoto wa msingi atafute shahada ya elimu yenye mwelekeo wa awali, msingi au elimu maalumu. AMUCTA, chuo kikuu kishiriki pale Tabora mjini, wana ualimu wa elimu maalumu. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka husika, usome jina la programu hadi neno la mwisho.

Sifa za kuingia ziko wazi. Kwa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye pointi 4, yaani D mbili, au C na E. Mwenye cheti cha Daraja A peke yake apitie stashahada kwanza, na alenge wastani wa B.

Sasa fedha. Bodi ya Mikopo hutoa boom, yaani fedha ya chakula na malazi, ya shilingi 10,000 kwa siku, lakini masharti yake yanamtaka mwombaji asizidi miaka 35 na asiwe na ajira yenye mshahara. Kwa hiyo mwalimu aliyekwishaajiriwa, hata awe na watoto wanne na mshahara mdogo, yuko nje. Sikubaliani kabisa na kigezo hiki. Huyu ndiye atakayerudi darasani kesho yake na kutumia alichojifunza; angalau angekopeshwa ada tu, akatwe taratibu kwenye mshahara.

Mpaka hapo sheria itakapobadilika, Chuo Kikuu Huria, anakosoma bila kuacha kazi, ndicho kinachombeba. Kina vituo Kigoma na Tabora, na ada inafuata kozi ulizosajili, hivyo mwaka mgumu unachukua chache. Gharama inayosahaulika ni mitihani. Anayetoka Kakonko kwenda Kigoma mjini, tuseme gesti ni 15,000 na ratiba imetawanyika siku 10: ni 150,000 kabla ya nauli na chakula. Ongeza bando, kuchapisha kazi, na wiki za mazoezi ya kufundisha. Anayehamia chuoni yeye analisha nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Hapo ndipo wengi wanapoingia kwenye kausha damu, mikopo ya riba kubwa, kadi ya benki inabaki kwa mkopeshaji, na muhula wa pili ada haipo.

Ruhusa ya masomo iombwe kwa maandishi kupitia kwa mwalimu mkuu hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala yenye muhuri itunzwe. Kuondoka kwa ruhusa ya mdomo ni kuhatarisha mshahara, na baadaye kubadilishiwa muundo wa utumishi kulingana na digrii kunakuwa vita.

Majina nayo yakaguliwe mapema. Cheti cha kuzaliwa kikisema Yohana na cha kidato cha nne John, maombi yanaweza kukwama. Rekebisha kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Mwenye stashahada aombe AVN, namba ya kuhakiki stashahada yake, kutoka NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) miezi kadhaa kabla. Na ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliotangazwa.