Askari Aliyepigwa Bado Ana Pigo Lake

Jumamosi iliyopita, barazani kwetu Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, mchezo wetu wa vita vya mezani ulisimama karibu nusu saa kwa sababu ya askari wawili wa waya wa shaba, kila mmoja mrefu kama kidole gumba. Mdogo wangu alitupa dadu, akapata tano, akamnyanyua askari wangu kabla sijajibu. Nilipodai pigo langu, akasema, "Yaya, mfu hapigi." (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.)

Naamini alikosea, na kosa hilo nimeliona kwenye meza nyingi za Lubumbashi: kudhani kwamba kushindwa na kuondolewa mezani ni tukio moja. Daftari letu la kanuni linasema kwamba askari wakigusana wote wawili hupiga. Basi kutangulia kutupa dadu ni utaratibu wa mikono yetu tu, kwa kuwa hatuwezi kusoma dadu zote kwa mara moja, na utaratibu huo haupaswi kumpa mtu ushindi.

Tufanye hesabu. Ikiwa kila askari ana uhai mmoja na huua kwa nne, tano au sita, basi kila pigo lina nafasi ya nusu. Mapigo yakiwa ya pamoja, katika kila mapambano 100 tutarajie mimi nibaki peke yangu mara 25, yeye mara 25, wafe wote mara 25, na wapone wote mara 25. Aliyepigwa akiondolewa papo hapo, anayetangulia hushinda mara 50 na mwenzake mara 25 tu. Faida maradufu, na hakuna aliyeiandika!

Wanaotunga michezo mikubwa walilishughulikia jambo hili kwa uangalifu. Katika X-Wing, mchezo wa vita vya vyombo vya anga uliotolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2012, chombo kilichoangamizwa na adui mwenye ustadi sawa nacho hubaki mezani hadi kipate nafasi yake ya kushambulia. Katika toleo la 7 la Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa askari wadogo wa mezani, askari wenye namba sawa ya wepesi walipiga kwa pamoja. Toleo la 8, la mwaka 2017, liliiondoa namba hiyo, na waliovamia wakapewa kupiga kwanza.

Sipingi kupiga kwanza. Aliyepanga uvamizi wake vizuri anastahili thawabu, mradi kanuni iitaje. Vilevile, kanuni ikisema kwamba jibu huja baada ya shambulio kukamilika, na kwamba hutolewa na askari aliyenusurika, hapo maneno ya mdogo wangu ni ya haki kabisa, nami nitamwondoa askari wangu bila kunung'unika. Tatizo ni kanuni inayosema "hujibu" bila kusema lini.

Kwa hiyo sasa tunaweka kifuniko cha soda, kilichogeuzwa juu chini, kando ya askari aliyepigwa. Anabaki pale pale, anapiga pigo lake, kisha wote wenye vifuniko wanaondolewa kwa pamoja. Viongozi wa pande zote mbili wakianguka katika hatua hiyo moja, mchezo ni sare, haidhuru zamu ilikuwa ya nani. Sentensi hiyo ya mwisho mdogo wangu bado anaikataa, na daftarini tumeiandika kwa penseli.