Lengo la Usafiri Arusha Liwe Dakika za Kusubiri

Wakubwa wakizungumzia usafiri wa Arusha, malengo ninayoyasikia ni ya vitu: stendi mpya, lami, taa za barabarani. Sina ugomvi na lami. Lakini barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipopanuliwa kuwa njia nne, kilomita 14.1, aliyefaidi zaidi ni mwenye gari lake. Abiria wa kifodi, daladala yetu ya hapa Arusha, anapita humohumo, ila kwanza ameketi kituoni mpaka gari lijae. Muda huo wa kusubiri hauna mwenyewe. TANROADS wana barabara kuu, TARURA wana za mitaa, Jiji lina stendi, LATRA wana leseni, ruti na nauli. Kila mmoja ana lake la kuripoti.

Mimi ningeanza na lengo moja tu: anayekaa pembezoni, Muriet, Moshono au Kwa Mrombo, asisubiri zaidi ya dakika kumi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na afikishwe mwisho wa ruti kwa nauli aliyotajiwa. Hiyo saa nne usiku siiachii. Mji huu unaishi kwa utalii, na mhudumu wa hoteli au mpishi hatoki kazini saa kumi jioni. Usiku vifodi vikiadimika, anamaliza posho yake kwa bodaboda.

Na mwisho wa ruti uwe mwisho kweli. Kifodi kimeandikwa Kwa Mrombo, kinafika Mbauda jioni kimebaki na watu watano. Konda anagonga bati: "Mama, hamia hiyo ya mbele, nimeshamalizana naye." Tunafaulishwa na mifuko yetu ya sokoni, mwenye mtoto mgongoni anasimama mlangoni mwa gari ambalo tayari limejaa. Tunamtukana konda, tunaendelea.

Konda wa watu anafuata hesabu. Dereva ana hesabu ya bosi kila siku, kisha mafuta, kinachobaki ndio chake na konda wake. Kupeleka watu watano Mrombo ni hasara, wakati Mbauda kuna wanaorudi mjini. Mwanafunzi naye anasukumwa kwa sababu hiyohiyo: nauli yake shilingi 200, kiti ni kilekile. Unaweza kupiga faini mpaka kitabu kiishe. Kama hakuna anayefidia ile tofauti, watoto wataendelea kuachwa na gari likiwa na nafasi. Kwa hiyo lengo lolote lisilogusa hesabu ni la kwenye karatasi.

Kuna jambo ambalo wapangaji hawapendi kulisema hadharani. Mwaka 2012 Jiji lilihesabiwa watu 416,442. Mwaka 2022 wakawa 617,631, na wengi wanajenga pembezoni. Kubeba watu wengi ni lengo, kutomwacha mtu nyuma ni lengo jingine, na yote mawili yanagombania magari yaleyale. Ukiyapanga kati ya Ngaramtoni na Tengeru yatajaa, yatapishana kila baada ya dakika chache. Ukiyatuma kwenye mitaa ya ndani ya Moshono yatazunguka nusu tupu. Ukipima kwa idadi ya abiria kwa gari, Moshono itashindwa kila mwaka. Basi mgawo utangazwe. Mimi ningetoa robo tatu ya magari kwa njia kuu, robo iende pembezoni kwa ruzuku, na bajaji zisajiliwe kabisa kama sehemu ya robo hiyo. Jirani zangu wataninunia, najua.

AFCON ya 2027 inakuja, uwanja wa watu 30,000 uko Olmoti, na mechi nyingine zitaisha usiku. Mabasi ya wageni yatapatikana, sina shaka. Ninachotaka kuona ni dakika kumi hizohizo mwezi unaofuata, kwa muuza mboga wa Olmoti.

Kupima kwenyewe si kazi ya kumwita mshauri kutoka nje. Vijana wawili na daftari kituoni, saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku: gari limefika saa ngapi, limeondoka saa ngapi, wangapi wamebaki. Wapiga debe wa Kilombero hapa mjini wanayo hayo yote kichwani. Jiji lingeanza kwa kuwaajiri wao.