Alaimenti ya Masinia Manne

Fundi wa chini ya mwarobaini alinibadilishia tairodi zote mbili, zile fimbo za kugeuzia matairi ya mbele, za gari yangu Toyota IST, akahesabu hela yake, akafuta mikono kwenye ovaroli, ndipo akanipa habari: "Sasa Mwalimu, kapige alaimenti, matairi yanyooshwe. Usilale nayo hivyo."

Nikamuuliza yeye kaiwekaje.

"Kwa jicho."

Ni jicho hilohilo lililochagua spana ya kukazia nati. Hilo nilikuja kulijua nikiwa chini ya gari.

Kwenye kituo cha alaimenti cha barabarani wakaniambia elfu 30. Mimi nafundisha hesabu kidato cha tatu. Mtu akinitajia elfu 30 kwa kazi isiyofika saa nzima, mkono wangu unaanza wenyewe kugawanya. Nikageuza gari, nikarudi nyumbani Kimara, Dar es Salaam.

Usiku nikasoma kuhusu jambo lenyewe, na kadiri nilivyosoma ndivyo elfu 30 ilivyozidi kuniuma. IST kwa nyuma haina cha kurekebisha, ule mhimili umetulia kama ulivyotoka kiwandani. Mbele, kinachorekebishika kwa urahisi ni kimoja: matairi mawili yanatazamana au yanapeana mgongo? Unapima umbali kati yake kwa upande wa mbele, unapima kwa upande wa nyuma, unatoa. Basi. Kisha unalegeza nati, unazungusha fimbo ya tairodi, tairi linageuka kidogo, unapima tena. Yaani watu wananunua mashine ya mamilioni ili wafanye kutoa!

Jumamosi asubuhi nikaingia kazini. Kimara ni milima, kwa hiyo kwanza lazima ujue kama ua wako uko sawa. Nikaazima mpira wa maji kwa fundi mwashi anayejenga ukuta wa jirani, nikapiga levo ya saruji yetu, ikaonekana inafaa. Fundi mwashi akanipa na uzi wake wa bluu, akakaa pembeni kwenye tofali kuangalia. Alisema hana haraka.

Njia ya uzi ndiyo ya kitaalamu. Unavuta uzi kila upande wa gari, usawa wa katikati ya tairi, nyuzi mbili zilizo sambamba kabisa, halafu unapima kutoka kwenye uzi hadi kwenye rimu, mbele na nyuma ya kila tairi. Uzuri wake ni kwamba unaona kila tairi peke yake limekaaje. Nilihangaika na matofali na vipande vya nondo mpaka nyuzi zikakaa sambamba. Nikaingia ndani kunywa chai.

Sasa, sisi tunaishi nyumba ya kupanga, familia nne, ua mmoja. Uzi uliovutwa uani ni mali ya umma. Nilipotoka nikakuta upande wa kulia watoto wanaruka kamba, wameshapangana foleni, na upande wa kushoto zimeanikwa soksi nyeupe za shule, zimejaa kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, uzi umebonyea katikati.

Mama wa chumba cha pembeni akanishukuru. "Ila Mwalimu, umeufunga chini mno."

Mtu mwenye heshima zake hawezi kuanua soksi za watoto wa watu. Nikaachana na uzi, nikachukua utepe wa kupimia na chaki, ambayo kwangu haikosekani. Nikachora alama kwenye kila tairi la mbele, mke wangu akashika ncha moja, mimi nyingine, tukapima mbele, tukapima nyuma. Tofauti: milimita 18. Matairi yalikuwa yanapeana mgongo kwa milimita 18, wakati yanatakiwa yawe karibu sawa.

Nikaweka chaki chini, nikapiga hesabu kwenye saruji. Tairi lina kipenyo cha kama milimita 600. Milimita 18, gawanya kwa mawili, ni 9 kila tairi. Tisa kwa 600 ni sawa na 15 kwa 1,000. Maana yake kila kilomita moja ninayokwenda, kila tairi linaburuzwa upande mita 15 kwenye lami. Nikamwonyesha mke wangu. Akasema: "Sasa si uwapelekee hiyo elfu 30?" Wanafunzi wangu nao huwa hawaoni uzuri wa hesabu.

Tatizo lililobaki lilikuwa msuguano. Gari likiwa limesimama, uzito wa karibu kilo 300 umekalia kila tairi la mbele, na tairi limeng'ang'ania sakafu. Ukizungusha tairodi, tairi haligeuki sawasawa, vipimo vinakudanganya. Gereji wana sahani za chuma zinazozunguka chini ya tairi. Kanuni yake ni rahisi mno: vipande viwili vya bati, katikati grisi.

Mke wangu ni mtunza vyombo wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu. Masinia ya kikundi hukaa kwetu, chini ya kitanda, yote yameandikwa kwa rangi nyekundu nyuma. Nikachukua manne. Mawili mawili, uso kwa uso, grisi katikati. Mke wangu alikuwa ameenda dukani kutafuta vocha, sikuona sababu ya kumsumbua kwenye simu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kupanda nayo kwa kuendesha. IST inavutwa na matairi ya mbele. Nikakanyaga mafuta kidogo, tairi la kulia likagusa sinia la juu, sinia likaona halina sababu ya kubaki. Likachomoka kwa nyuma, likapita chini ya gari lote likipiga kelele za mabati, likatokea upande wa pili na kwenda kusimama mlangoni kwa mama mwenye nyumba, aliyekuwa anachambua mchele. Akalitazama. Akalipindua. Akasoma maandishi mekundu.

"Mwalimu," akasema, "kuna msiba?"

Fundi mwashi alilala chali kwenye saruji.

Nikatumia jeki, nikanyanyua upande mmoja mmoja, nikasukuma masinia chini, nikashusha taratibu. Tairi linatua, sinia linalia. Lakini niseme ukweli wa Mungu: yalifanya kazi. Ungeweza kusukuma tairi kwa kidole likageuka. Hata fundi mwashi aliamka kuja kujaribu.

Tairodi ya kushoto ikalegea vizuri. Ya kulia ndiyo nikakutana na lile jicho la mwarobaini: alikuwa ameikaza kwa spana isiyoenea, kona zote za nati zimeliwa, imebaki duara tupu. Nikaimwagia mafuta ya taa, nikaweka spana ya bomba, nikaomba msaada, wakaja na watoto wa kuruka kamba. Wapi. Basi nikafanya ambalo kila mwenye akili angefanya: milimita zote 18 nikazimaliza upande wa kushoto. Zungusha, pima, zungusha, pima, mpaka utepe ukasoma sawa mbele na nyuma. Tofauti sifuri. Nikakaza nati, nikanawa.

Jioni wakaja wanakikundi kuchukua masinia ya hitima.

Niliyasafisha kwa sabuni ya unga na mchanga, Mungu ni shahidi yangu. Lakini bati jembamba likikaliwa na gari haliwi sinia tena, linakuwa sahani bapa isiyo na ukingo, na mawili kati yake tairi lilikuwa limejichora mistari yake yote. Mwenyekiti akalinyanyua moja dhidi ya taa, akalinusa. Mke wangu hakusema neno. Alinitazama tu kwa muda ambao mume yeyote anaujua.

Kesho yake nikampeleka mama mkwe stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, arudi Morogoro. Barabara ya Morogoro pale imepanuliwa, pana, imenyooka, na gari langu lilikwenda mstarini bila kuvuta upande wowote. Ila usukani. Ili gari liende moja kwa moja, ilibidi niushike umepinda kushoto, chapa ya katikati imeinamisha kichwa.

"Baba, tunakata wapi?" mama mkwe akauliza.

"Hatukati, mama. Tunanyoosha."

Akanyamaza kidogo. "Basi nyoosha, baba."

"Hapa ndipo imenyooka."

Akashika kamba ya mlango kwa mikono miwili, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Nami nikasikia jina langu ndani yake.

Jumatatu nikaenda kituoni, nikalipa elfu 30, na elfu 10 ya kuitoa ile nati. Kijana akanyoosha usukani, akaufunga usicheze, akabana vibao vyake kwenye rimu, skrini ikawaka. Kushoto nyekundu, kwa upande mmoja. Kulia nyekundu, kwa upande wa pili. Chini yake, kwenye jumla ya yote mawili, kijani safi.

Kijana akakuna kichwa. "Mwalimu, hii nani alipima?"

"Kwa nini?"

"Jumla imelenga kabisa. Ila kushoto imezidi 9, kulia imepungua 9."

Nikamwomba anichapishie karatasi kabla hajagusa chochote. Kujumlisha tisa na hasi tisa ukapata sifuri si jambo la kubahatisha, na nilitaka lionekane kwa maandishi. Nilipofika nyumbani nikampa mke wangu aisome. Aliipokea, akaigeuza, na nyuma yake akaandika bei ya masinia manne.

Karatasi nimeigandisha kwenye plastiki hata hivyo, na habari zake zimeanza kufika mtaani. Juzi jirani mwenye Noah alikuja kuniuliza, gari yake inakula matairi kwa ndani, nitamfanyia kwa shilingi ngapi. Nikamwambia bure kabisa, Jumamosi saa tatu. Aje na masinia yake.